Beseni, kapteri na kamba: namna ya kupima CO2 (kaboni dioksidi) inayotoka kwenye kijito, jinsi tunavyofanya Bukavu

Siku ya kwanza nilishuka ku mto Kawa, hapa mjini Bukavu, mashariki ya Kongo, na beseni la bluu nimeligeuza chini-juu, mama mmoja alikuwa anafua nguo hapo pembeni, akaniangalia wee, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hiyo zahabu utaiona na beseni limefunikwa hivyo?" Nikamwambia hapana mama, sitafuti zahabu, napima hewa inayotoka ndani ya maji. Akacheka mpaka sabuni ikamponyoka. "Kumbe mto nao unapumua!"

Unapumua, mama. Na kuupima si lazima uwe na mashine ya maelfu ya dola, ila kuna makosa ambayo usipoyajua utarudi nyumbani na namba nzuri kabisa ambazo hazina maana yoyote. Mimi nilirudi nazo karibu miezi miwili. Hapa naandika vile tunafanya sasa, hatua kwa hatua, ili wewe usipoteze miezi yako.

Kwanza ujue unapima nini

Mvua inanyesha, maji yanazama ku udongo, na mule ndani ya udongo mizizi na vijidudu vinapumua usiku na mchana, kwa hiyo hewa ya udongoni inakuwa na CO2 nyingi sana kuliko hii tunayovuta sisi huku juu. Maji yanaimeza. Yakija kutokea ku chemchemi au pembeni ya kijito yanakuwa kama sukre (soda) uliyofungua sasa hivi: gesi inataka kutoka. Juu ya hiyo kuna majani yanayooza mtoni, na kwa vijito vya mjini kama Kawa kuna maji ya vyoo na takataka za soko, vijidudu vinakula vyote hivyo na vinatoa CO2 zaidi.

Hewa ya kawaida leo iko na CO2 ya kidogo zaidi ya 420 ppm, yaani ku kila chembe milioni za hewa, 420 na kitu ni CO2. Maji ya mito, ukiyapima vile yangelingana na hewa, wastani wa dunia uliotolewa mwaka 2013 ulikuwa kama 3,100 ppm. Kazi hiyohiyo ya 2013 ilikadiria mito na vijito vya dunia yote vinatoa karibu tani bilioni 1.8 za kaboni kila mwaka, wakati maziwa na mabwawa yanatoa kama bilioni 0.3 tu. Ona sasa: mito inafunika sehemu ndogo ya ardhi kuliko maziwa lakini inatoa mara kadhaa zaidi, juu maji yake yanakuja moja kwa moja toka udongoni na yanaruka-ruka ku mawe. Afrika ilikuwa karibu haina vipimo, mpaka timu ya Chuo Kikuu cha Liège kule Ubelgiji ikatoa mwaka 2015 vipimo vya mito 12 ya kusini mwa Sahara, Kongo ikiwemo.

Na tafadhali usichanganye hii na gesi ya Ziwa Kivu. Najua mtu yeyote wa huku ukimtajia CO2 na maji anafikiria zile kilomita za ujazo kama 300 za CO2 na 60 za metani zilizolala chini ya ziwa, ama mazuku, yale mashimo ya gesi ya ardhini, za upande wa Goma na Sake zinazoua mbuzi na watu. Ile ya chini ya ziwa imefungiwa na maji mazito, haipandi hivi hivi. Maji yanayotoka ziwani kuingia mto Ruzizi pale mpakani ni ya juu, si ya kule chini. Hii tunayopima ni ya kila siku, haina kelele, haiui mtu mtoni.

Vifaa

Beseni la plastiki la lita 10 hivi, ligumu, lisilo na ufa. Usichukue lile jembamba linalobonyea ukilishika, likibonyea ujazo unabadilika na hesabu imekufa. Povu la kuelea: sisi tulikata kandambili za zamani tukazifunga kuzunguka beseni na skochi, zinaelea vizuri na hazinywi maji kama sponji ya godoro. Karatasi ya alumini, ile ya kuokea samaki, ubandike juu ya beseni ili jua lisilichemshe. Kamba nyembamba ya mita 10. Termometa. Kaye (daftari) na biki, ndiyo, kaye, maana telefoni itaanguka mtoni, ni suala la siku tu. Bote na glavu. Pawabenki.

Halafu kapteri, wengine wanaita sensa, ya CO2. Hapa nitakaa kidogo.

Kapteri unayotaka ni ile ya infraredi, inaitwa NDIR. Inapitisha mwanga ndani ya kijumba kidogo na inaangalia CO2 imemeza mwanga kiasi gani. SenseAir wanatengeneza, Sensirion nao iko na SCD30, na zipo zingine, unaziunganisha na Arduino (kibodi kidogo cha kompyuta) na kadi ya memori. Zinapatikana kwa makumi ya dola mpaka mamia machache, wakati mashine za labo ni maelfu. Si uchawi mpya: watafiti wa Linköping, Uswidi, walionyesha mwaka 2015 kwamba kapteri ndogo kama hizi ukiziweka ndani ya beseni linaloelea zinafanya kazi vizuri.

Unayopaswa kuikimbia ni ile inaitwa MQ-135. Mimi niliuziwa hiyo, muuzaji akaapa kabisa kwamba "inapima CO2, yaya, ata Wachina wanaitumia." Inapima harufu. Pombe, moshi, amonia, mafuta, vyote inavihesabu pamoja na inakupa namba moja. Niliiweka ku Kawa karibu na mahali watu wanamwaga maji ya kuchoma nyama, ikapanda mpaka mwisho, nikafurahi kama mjinga, nikaandikia rafiki yangu kwamba tumepata mto wa ajabu. Zipo pia zile zinazoandika "eCO2" ku kioo, hizo nazo zinakisia CO2 kutokana na harufu za chumba. Uliza swali moja tu kabla ya kutoa makuta yako: ni NDIR? Kama muuzaji hajui hilo neno, shika njia.

Hatua ya 1: fanya beseni kuwa chumba

Toboa shimo dogo kileleni, yaani chini ya beseni maana litakuwa limegeuzwa, upitishe waya wa kapteri. Toboa lingine dogo la kuweka robine ya njia tatu, ile ya serumu inayouzwa ku farmasi. Ziba pembeni za mashimo yote na silikoni, acha ikauke usiku mzima, si saa moja. Ndani, kapteri inaning'inia juu kabisa, na uifunike na kitambaa chembamba au kipande cha filta kinachopitisha hewa lakini kinazuia matone. Unyevu ndio adui namba moja. Ukimaliza unaweza kuona mvuke umeganda ndani ya beseni kama kioo cha taksi wakati wa mvua, hiyo kawaida, lakini tone likigusa kijumba cha kapteri namba zinakuwa za uongo mpaka ikauke.

Kutafuta tundu ni kama fundi wa mapine: sukuma beseni ndani ya pipa la maji, robine imefungwa, paka povu la sabuni ku mashimo, uone kama linafura. Likifura, silikoni tena.

Hatua ya 2: jua ujazo na eneo

Hii watu wanairuka. Piga mstari ndani ya beseni sentimita 2 ama 3 toka ku mdomo, hiyo ndiyo sehemu itakayozama majini. Geuza beseni, jaza maji kwa chupa ya lita moja mpaka ku mstari, hesabu chupa. Toa ujazo wa kapteri na betri. Kisha pima kipenyo pale ku mstari. Tuseme kipenyo ni sentimita 36, eneo linakuwa kama mita za mraba 0.10. Tuseme hewa ndani ni lita 10, yaani mita za ujazo 0.010. Andika namba hizo ku beseni lenyewe kwa rangi isiyofutika. Sisi tuko na mabeseni matatu na tuliwahi kuyachanganya, nisiseme zaidi.

Hatua ya 3: zima akili ya kapteri

Kapteri nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya maofisi. Zinadhani kwamba angalau mara moja kwa wiki zitaona hewa safi ya 400 ppm, kwa hiyo namba ya chini kabisa ziliyoiona, zinajirekebisha zenyewe kuiita 400. Ukiiweka siku nyingi juu ya mto, hewa ya ndani haishuki kabisa, nayo inaanza kukudanganya pole pole bila kukuambia. Zima hiyo kitu ku programu, inaitwa ABC ama kalibresheni ya yenyewe. Kisha wewe mwenyewe, kila asubuhi kabla ya kazi, iweke nje mahali pa wazi mbali na magari, jenereta na moshi wa makaa, dakika 20, uandike inasoma ngapi.

Hatua ya 4: ruhusa, na saa ya kwenda

Pita kwa shefu ya avenue, yaani kiongozi wa mtaa. Mweleze, mwonyeshe beseni, mwache alishike. Mtu anayeshuka mtoni na waya na betri huku kwetu anafikiriwa vitu vingi kabla ya kufikiriwa mtafiti. Ukiwa na mtoto mmoja wa mtaa anayejua kazi yako, ni ulinzi mkubwa kuliko karatasi yenye mihuri mitatu.

Mvua ikiwa imetishia juu milimani usishuke, ata kama mahali ulipo jua linawaka. Vijito vya Bukavu vinashuka milima mikali, maji yanakuja ghafla na yanabeba mawe na miti. Vaa glavu. Usile ndizi yako hapo mtoni na mikono ile ile. Kolera huku si hadithi ya redio.

Hatua ya 5: kuweka beseni

Washa kapteri ikae hewani dakika tano. Fungua robine. Laza beseni ku maji pole pole, upande mmoja ukitangulia halafu mwingine, robine ikiwa wazi ili hewa iliyosukumwa itoke, hesabu mpaka kumi, ndipo ufunge. Ukilibamiza na robine imefungwa unasukuma hewa ndani ya maji, na utaona namba za kwanza zinacheza-cheza.

Rudi nyuma. Usiinamie beseni. Pumzi unayotoa iko na CO2 kama asilimia 4, yaani 40,000 ppm, na wewe umeinama hapo unasoma kioo huku beseni halijafungwa bado, umeharibu. Wakati wa kuliweka, geuza uso pembeni na simama upande ambao upepo hautoki kwako kwenda ku beseni.

Halafu kosa langu kubwa. Nilifunga kamba ku mti, beseni likasimama mahali pamoja katikati ya maji yanayokimbia. Namba zilipanda haraka, nzuri, za kunyooka, za kuonyesha mtu. Uongo mtupu. Beseni likisimama na maji yakipita chini yake, ukingo wa beseni wenyewe unakoroga maji na unatengeneza mawimbi madogo madogo, gesi inatoka zaidi kuliko vile ingetoka kama beseni halipo. Watafiti walilinganisha njia hizi mbili wakachapisha mwaka 2015, na lile lililofungwa ndilo lilitoa namba kubwa mno. Beseni linatakiwa kuteremka pamoja na maji. Unashika kamba ikiwa imelegea kabisa, unatembea pembeni nalo, dakika tatu mpaka tano, na mwenzako anaandika. Njo maana ni kazi ya watu wawili.

Ku Kawa, mawe yako mengi, beseni linakwama kila mita nne. Basi tafuta vipande vitulivu, fanya vipimo vifupi vingi, na kwa sehemu za maporomoko tumia njia ya seringi nitakayoeleza. Usilazimishe.

Kapteri iandike kila sekunde 10 ama 15. Simama baada ya dakika tano. Ukiacha nusu saa, hewa ya ndani inaanza kulingana na maji, mstari unalala, na mtu asiyejua anachukua mstari uliolala anasema mto hautoi kitu.

Hatua ya 6: hesabu, na mlima unaingia hapa

Chukua zile dakika za kwanza ambapo mstari umenyooka. Tuseme ilianza 430 ppm, baada ya dakika tano iko 730. Ni 300 kwa sekunde 300, yaani ppm 1 kwa sekunde.

Sasa ppm ni sehemu tu, haikuambii kuna chembe ngapi kwa kweli. Chembe zinategemea presha, na Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ya Bukavu ni nyepesi, presha kama kilopaskali 85, wakati pwani ni 101. Wengi wanachukua fomula ku intaneti ambayo tayari imewekwa presha ya baharini, wanapata karibu asilimia 19 zaidi. Bila kuiba, bila kukosea kitu kingine chochote, asilimia 19 ya bure.

Fomula ni hii: kasi ya kupanda, zidisha na ujazo, gawa na eneo, zidisha na presha, gawa na 8.314 mara joto la Kelvini. Kwa nyuzi 22 joto ni 295, yaani 22 jumlisha 273. Presha ya paskali 85,000 gawa na (8.314 × 295) inakupa moli 34.7 za hewa kwa mita ya ujazo (moli ni namna ya kuhesabu chembe). Kisha 0.000001 × 0.010 × 34.7 ÷ 0.10, unapata maikromoli kama 3.5 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Zidisha na sekunde 86,400 za siku, ni moli 0.30. Zidisha na 12, gramu 3.6 za kaboni kwa mita ya mraba kwa siku. Ukitaka CO2 yenyewe zidisha ile 0.30 na 44, gramu 13.2.

Andika kila mara kama ni kaboni ama ni CO2! Tofauti yao ni mara 3.67, na nimeona wanafunzi wawili wanagombana saa nzima kila mmoja akiwa sawa.

Kijito cha upana wa mita 2 na urefu wa mita 500 ni mita za mraba 1,000, kwa mfano huu wetu ni kilo 13 za CO2 kwa siku. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3. Kwa hiyo kijito hicho ni sawa na moto (pikipiki) moja ya teksi inayochoma lita 5 na nusu hivi siku hiyo. Huo ni mfano wa hesabu, si kipimo cha Kawa, usinitaje vibaya. Na ata namba ikitoka hivyo kweli, haimaanishi mto ni mchafuzi kama moto: sehemu kubwa ya hiyo kaboni majani na miti iliitoa ku hewa jana na juzi, inarudi tu. Petroli yenyewe inatoa kaboni iliyolala chini mamilioni ya miaka. Ila ukikata msitu wote juu na ukamwaga vyoo vyote mtoni, hapo umebadilisha kinachorudi na kinachobaki, na njo sababu tunapima.

Hatua ya 7: seringi, kwa maporomoko

Nunua seringi mbili za mililita 60 na robine ya njia tatu, vyote ku farmasi. Vuta maji mililita 30 chini ya uso wa mto bila kuingiza mapovu. Vuta hewa ya nje mililita 30, hewa ambayo umeshaipima na kapteri, tuseme 430. Funga robine, tikisa kwa nguvu dakika mbili huku seringi umeizamisha mtoni ibaki na joto la mto, si joto la mkono wako. Kisha sukuma hewa tu iingie ku seringi ya pili iliyokauka. Hiyo hewa ndiyo unapeleka labo, ama kama umetengeneza kijumba kidogo sana cha kapteri unaisoma hapo hapo.

Tuseme imesoma 1,800. Hiyo si namba ya maji, ni ya maji na hewa baada ya kugawana. Kwa nyuzi 20 na ujazo sawa wa maji na hewa, unachukua 1,800 toa 430, ni 1,370, gawa na 0.94, ni 1,457, uijumlishe na 1,800. Maji yalikuwa na 3,257 ppm. Joto likibadilika ile 0.94 inabadilika, maji ya moto yanashika gesi pungufu kuliko ya baridi, kama sukre ya moto inavyofura.

Ukiwa na hiyo, pima juu ya poromoko na chini yake. Tofauti ndiyo gesi iliyotoka pale. Utashangaa. Mapovu yanayozamishwa na maji yanayoanguka yanabeba CO2 nje kwa kasi ambayo hakuna beseni lingeweza kuiona, utafiti wa vijito vya milima ya Alpi wa 2019 ulionyesha kwamba nguvu ya maji yanayoteremka ikipita kiasi fulani mapovu ndiyo yanachukua kazi kubwa. Milima yetu ni mikali, kwa hiyo hii inatuhusu sana.

Kuna watu watakuambia acha seringi, pima pH (ukali wa asidi) na alkalini (uwezo wa maji kuzima asidi) halafu kompyuta itakupa CO2. Ku Ruzizi inaweza kukubali, maji yale yanatoka ziwani yana pH ya karibu 9 na chumvi-chumvi nyingi. Lakini hapo hapo seringi inahitaji marekebisho, juu maji ya aina hiyo CO2 inageuka bikaboneti wakati unatikisa. Ku vijito vya msituni upande wa hifadhi ya Kahuzi-Biega ni kinyume: maji ni laini, yana asidi ya majani, njia ya pH inakupa CO2 nyingi kuliko iliyopo, wakati mwingine nyingi sana, na hapo seringi ndiyo mfalme. Kila mto na chombo chake.

Hatua ya 8: mchana unakudanganya

Tulipima mwaka karibu wote saa nne asubuhi mpaka saa tisa, kama wafanyakazi wa serikali. Mchana mwani na majani ya mtoni yanakula CO2 kwa ajili ya jua, usiku yanaacha kula na kila kitu kinaendelea kupumua. Kazi moja ya mwaka 2021 iliyokusanya vijito vingi vya dunia ilipata usiku unatoa wastani wa asilimia 27 zaidi ya mchana. Na sisi wote tunapima mchana juu usiku tunaogopa, na tuna sababu.

Njia yetu ni hii: tafuta parsele (kiwanja cha mtu) ambayo uzio wake unagusa kijito. Omba uache kapteri ya majini usiku, iliyofunikwa na kifuko cha teflon kinachopitisha gesi lakini si maji, ama beseni lenye robine inayojifungua, kama umepata fundi wa kuitengeneza. Sisi tulipata kwa mama yule yule wa sabuni. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nimwachie taa ya pawabenki kwa sababu moto wa umeme ulikuwa umekatika siku ya tatu.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi nilirudi. Alikuwa ameamka zamani, amekaa ku kigoda mlangoni, taa mkononi, akaniambia: "Mwanangu, ile kitu yako iliwaka-waka usiku kucha. Saa nane mvua ilipita nikaifunika na sufuria." Sufuria ya alumini, juu ya kapteri, kuanzia saa nane. Nilifungua kaye nikaandika: "02h00 mpaka 05h30, chini ya sufuria", nikanywa chai aliyonipa, na usiku ule tukaurudia wiki iliyofuata.